Mdogo wangu, kadi ya kliniki iko wapi?

Leo naongea na wewe ambaye mtoto wako ameshaanza kukimbia. Miezi ya mwanzo kliniki hukukosa. Alipochomwa sindano ya surua ya miezi 9, kadi ukaiweka kabatini, kazi zikakubana, na ile ya miezi 18 ikapita kimyakimya. Naomba uitoe hiyo kadi uiangalie.

Wengi hudhani dozi ya pili ni ya kuongezea nguvu tu. Sivyo. Akiwa na miezi 9, mtoto anaweza kuwa bado na kinga aliyotoka nayo tumboni kwa mama yake, na kinga hiyo huzuia chanjo isishike vizuri. Kati ya watoto 100 waliochanjwa umri huo, kama 15 hivi hubaki bila kinga, na kwa kumtazama tu huwezi kujua kama wako ni mmoja wao. Dozi ya pili ipo kwa ajili ya hao. Tanzania na Kenya ratiba ni hiyohiyo, miezi 9 na 18. Umepitiliza? Nenda, bado atachanjwa.

Nakusisitizia kwa sababu surua haingoji watoto wagusane. Virusi vyake hubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka, naye huanza kuambukiza siku 4 kabla ya vipele, wakati wewe unaona mafua ya kawaida.

Ukiona homa kali, kikohozi, makamasi na macho mekundu, kisha vipele vikianzia usoni na kushuka mwilini, tafadhali usimfungie ndani ati mpaka vitoke vyote. Mpeleke kituo cha afya, na ukifika tu mwambie mhudumu, ili mtoto asikae foleni na watoto wa wenzio. Atapewa vitamini A leo na kesho, maana surua huimaliza mwilini na inaweza kumpofusha. Machoni usimtie maji ya majani wala dawa yoyote ya kuelekezwa na jirani. Wapo watoto waliopoteza macho kwa hilo. Akipumua kwa shida, akigoma kunyonya au akipata degedege, usingoje kukuche. Nimonia ndiyo inayoua wengi wa watoto wanaokufa kwa surua.

Na kama kadi imepotea, mpeleke hivyohivyo. Hata ikitokea amerudiwa chanjo, haimdhuru.