Mgongo Unauma, Mbona Napelekwa Kuzungumza?

Mtu ameumwa mgongo miaka kadhaa. Amepigwa picha, amemeza dawa za kila rangi, kisha anaandikiwa rufaa kwa mwanasaikolojia. Anachosikia hapo ni kimoja: "Kumbe wananiona mwongo." Anakwenda mara mbili, ya tatu haonekani.

Lawama isimwendee yeye. Rufaa hiyo mara nyingi hutolewa mgonjwa akiwa tayari mlangoni, bila maelezo. Maumivu yakipita miezi 3 huitwa sugu. Jeraha lililoyaanzisha huenda limeshapona, lakini mishipa ya fahamu na ubongo vimebaki vyepesi kuhisi maumivu. Ni maumivu ya kweli kabisa. Hofu, msongo na kukosa usingizi huyazidisha, na hayo ndiyo yanayoshughulikiwa kwenye mazungumzo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliitaja tiba ya kisaikolojia, pamoja na mazoezi, katika mwongozo wake kuhusu maumivu sugu ya kiuno.

Wengine huacha kwa sababu walitegemea maumivu yaishe, kama anavyotegemea mtu aliyechomwa sindano. Huenda yakapungua kidogo tu. Uliza tangu siku ya kwanza: nikimaliza, nitaweza kufanya nini nisichokiweza leo? Kuinama kufua, kukaa ibada nzima, kulala hadi alfajiri: hivyo ndivyo vipimo.

Siku inayowaondoa wengi ni ile baada ya siku nzuri. Mama anaamka mwepesi, anafua nguo za nyumba nzima, anabeba ndoo za maji. Kesho yake hainuki kitandani, na anasema tiba imemmaliza. Afue dakika 10, kisha apumzike hata kama hajaumwa, na aongeze kidogo kidogo kila wiki. Saa ndiyo imwambie apumzike, asingoje maumivu.

Nauli na kibarua kinachopotea navyo ni sababu halali za kuacha. Omba miadi ya simu au ya kupishana wiki. Nyumbani, maneno kama "umeenda kupiga soga tena?" yamekatisha tiba nyingi. Mgonjwa aliye pia na sonona asindikizwe, maana kutoka tu nyumbani ni kazi kwake. Ukitaka kuacha, mwambie mtaalamu kwanza, na usikatize dawa bila daktari.

Ukipata ganzi sehemu za siri, miguu ikiishiwa nguvu ghafla, au ukishindwa kukojoa au kuzuia haja, usingoje siku ya miadi. Nenda hospitali saa hiyohiyo.