Diskasi na Maji ya Bomba ya Hockley

Wapo wenzetu wanaofuga samaki wa mapambo vyumbani, na wanaofika kwangu hapa Hockley wakiwaona diskasi wangu huniuliza: "Mbona wa kwangu wanakufa?" Leo basi tujifunze kidogo kuhusu maji, maana mara nyingi kinachougua kwanza si samaki, ni maji yake.

Diskasi ni samaki bapa, mviringo kama sahani, wa mto Amazon. Mtaalamu Johann Heckel alimwelezea kisayansi mwaka 1840. Kwao maji ni ya uvuguvugu, yana uchachu kidogo, tena ni laini, yaani yana chokaa kidogo na sabuni hutoa povu upesi. Maji magumu tunayajua sisi wa pwani: visima vya mawe ya matumbawe, unasugua sabuni povu halitoki, na birika linashika ukoko mweupe.

Hapa Birmingham tuna bahati. Tangu 1904 mji huletewa maji ya bonde la Elan, Wales, kwa mfereji wa kilomita 118 unaoteremka bila pampu hadi Frankley. Ni maji laini. Anayetaka samaki wa Ziwa Tanganyika, waliozoea pH karibu na 9, itambidi aongeze madini. Mwenye diskasi hana shida hiyo. Ila tusibweteke: miaka ya karibuni limejengwa bomba jingine kutoka mto Severn, la kutumika mfereji ukifungwa kwa matengenezo. Kwa hiyo pima maji, usikisie.

Sasa tuje kwenye mtego wenyewe. Kinyesi na chakula kilichobaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa kwenye chujio huigeuza kuwa nitriti, nayo sumu, kisha nitrati, ambayo ina nafuu. Kazi hiyo huzalisha asidi. Maji magumu yana kabonati za kuimeza; ya kwetu yana kidogo, basi pH hushuka polepole. Ikifika chini ya 6, bakteria wanazorota na amonia inajikusanya. Lakini katika maji machachu karibu yote hukaa kama amoniamu, isiyo kali sana, na samaki anaonekana mzima. Halafu siku moja mwenye tangi anakumbuka usafi, anamwaga nusu na kujaza mapya. pH inapanda ghafla, amoniamu inageuka amonia kali, asubuhi samaki wanaelea. Mtu analaumu bomba, kumbe sumu ilikuwa tayari ndani ya tangi!

Dawa yake ni utaratibu. Badilisha robo ya maji mara mbili kwa wiki. Tangi likiwa limeachwa muda mrefu, pima kwanza, kisha badilisha kidogo kidogo kila siku. Amonia na nitriti ziwe sifuri, nitrati chini ya miligramu 20 kwa lita. Chujio jipya lipe wiki nne hadi sita kabla ya kumtia samaki huyu.

Maji mapya yatie dawa ya kuondoa klorini, na joto lake lilingane na la tangi, nyuzi 28 hadi 30. Wakati wa baridi usichanganye na maji ya moto ya bomba: maji laini, hasa yakiwa moto, huyeyusha shaba ya mabomba, na shaba ni sumu kwa samaki. Chemsha kwenye birika. Tena maji ya nyuzi 30 hubeba oksijeni miligramu 7.5 hivi kwa lita, wakati ya nyuzi 20 hubeba 9. Basi pampu ya hewa ni lazima.

Msongo, au stresi kama tunavyosema, utauona: rangi inakuwa nyeusi, mapezi yanabana, anajificha kona, anakataa chakula, anahema mbiombio. Ute wa ngozi yake ndiyo ngao yake, na hata watoto wake huula siku za mwanzo. Msongo ukizidi, ngao inadhoofika na magonjwa yanaingia. Usimfuge peke yake: waweke watano au sita, tangi la lita 200 na zaidi, mbali na mlango na spika za muziki.

Mwisho, jiulize: likizo ukienda nyumbani, nani atabadilisha maji? Na hela ya umeme wa hita, ipo? Kama jibu ni hapana, anza na neon tetra. Nao hupenda maji laini, na gharama yao ni ndogo. Kiumbe uliyemfungia ndani ya kioo hawezi kuhama maji yakiharibika. Haya, kazi kwenu.