SOMO LA UFUNDI: Kutoboa Zege Mahali Palipokusudiwa

Katika miji ya Busia na Malaba, iliyo mpakani mwa Kenya na Uganda, maduka mengi hufungwa kwa milango ya chuma. Mwenye duka huiacha mali yake usiku akilitumaini komeo. Lakini komeo halifai kitu lisipoingia sawasawa katika bamba lake. Bamba hilo likikazwa kwenye nguzo ya zege kwa skrubu nne, matundu yake hayana budi kuwa mahali pake hasa, kwa maana kosa la zege halifutiki.

Kwa nini biti ya keekee huhama? Zege ni mchanganyiko wa saruji, mchanga na kokoto. Biti ikigusa kokoto ngumu upande mmoja, huteleza kuelekea upande ulio laini. Hivyo milimeta chache za mwanzo ndizo ziamuazo tundu litakuwa wapi.

Basi fundi na afuate utaratibu huu. Kwanza, aufunge mlango, alisukume komeo mpaka nguzoni, alivishe bamba, ndipo achore tundu moja tu. Hapo apige mistari miwili ya msalaba, mirefu kupita upana wa tundu. Kitovu kikiisha kuchimbika, ncha za mistari zitamwonyesha kama biti imehama.

Pili, aanze na biti nyembamba, ya milimeta 5, polepole, bila mapigo ya nyundo. Ikihama, ailaze kidogo ili kuirudisha tundu lingali fupi. Kisha ainyoshe na kuongeza mapigo. Mwisho atumie biti ya kipimo cha plagi. Plagi hizi zilibuniwa Uingereza na John Joseph Rawlings karibu na mwaka 1911. Kabla yake mafundi walichonga matundu makubwa na kugongomea vipande vya mti.

Tatu, atie skrubu ya kwanza bila kuikaza sana, alijaribu komeo tena, ndipo achore matundu matatu yaliyosalia. Achoraye yote manne kwa mara moja, kosa la tundu la kwanza humharibia mengine yote.

Nne, biti ikigoma ghafula na vumbi likatoka na chembe za chuma zing'aazo, imekuta nondo. Nondo ni mifupa ya nguzo, asiikate. Heri atoboe tundu jingine katika bamba, aiepuke.

Tena asitoboe juu wala chini ya swichi ya umeme, kwa kuwa nyaya hupita humo. Avae miwani na kufunika pua, maana vumbi la zege hudhuru mapafu.

Kazi hii yaweza kumchukua fundi muda mrefu kuliko alivyodhani, lakini mwenda pole hajikwai. Mlango ukifungwa jioni na komeo likaingia bila kugongwa, mwenye duka atalala usingizi.