Hedifoni Yako Inahitaji Amplifaya ya Wati Ngapi?

Swali: Hedifoni yangu ina omu 300. Si lazima ninunue amplifaya kubwa?

Omu peke yake hazitoshi kukujibu. Zinaonyesha kama hedifoni itadai volti nyingi au mkondo mwingi, lakini kiasi cha sauti huamuliwa na unyeti, yaani desibeli zinazotoka kwa kila miliwati 1. Sennheiser HD 600 ina omu 300 na hutoa desibeli 97. HiFiMAN HE-6 ina omu 50 tu, na kwa miliwati hiyohiyo hutoa 83.5. Tuseme unataka vilele vya muziki vifike desibeli 110. Kila desibeli 10 za ziada hudai nguvu mara 10, na kila 3 hudai takriban mara 2. HD 600 imepungukiwa 13, kwa hiyo inataka miliwati 20: volti 2.4 na miliampia 8. HE-6 imepungukiwa 26.5, nayo inataka miliwati 450 hivi: volti 4.7 na miliampia 95. Yenye omu chache ndiyo inayokula zaidi, tena kwa zaidi ya mara 20.

Swali: Mbona basi ya omu 300 husikika chini nikiichomeka kwenye simu?

Kwa sababu simu nyingi huishiwa volti mapema. Volti 1 kwenye HD 600 hufikisha vilele kwenye desibeli 102 hivi. Hizo zinatosha kwa nyimbo zilizorekodiwa kwa sauti ya juu, lakini rekodi ya okestra, yenye vipande vingi vya sauti ya chini, itakupa shida. Hata wati za amplifaya zisome kwa makini. Wati 1 iliyopimwa kwa omu 32, kama volti hazibadiliki, hubaki miliwati 107 kwa omu 300. Ni upungufu mkubwa, lakini bado ni mara 5 ya mahitaji ya HD 600.

Swali: Wapenzi wa sauti husema nguvu ya akiba huongeza besi. Wanakosea?

Akiba ina maana mpaka pale vilele vinapopita bila kukatwa. Baada ya hapo wati za ziada hazina kazi. Tofauti wanayoisikia inaweza kuwapo, ila mara nyingi hawakusawazisha sauti, na kinachosikika juu kidogo tu huonekana bora. Besi nayo huweza kupanda kwa sababu ya ukinzani wa tundu la amplifaya lenyewe, ndiyo maana inashauriwa usizidi sehemu 1 ya 8 ya omu za hedifoni. Kwa upande mwingine, nguvu nyingi kwenye hedifoni nyeti mara nyingi huleta mvumo, na sauti hupanda ghafla kwa kugusa kitufe kidogo tu. Isitoshe, Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Zikifika 90, saa hizo hushuka hadi 4. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji unyeti wa hedifoni na volti za amplifaya kwa omu zako. Akikutajia wati tu, hesabu yako bado haijakamilika.