Usiizime Taa, Tafuta Tatizo
Kijitabu cha usalama wa magari kwa madereva, mafundi na abiria wa Kasulu na Kibondo

Magari mengi ya kisasa yanayopita barabara zetu, madogo kwa makubwa, yana kompyuta zinazosimamia injini, breki na mifuko ya hewa. Kompyuta hizo hutegemea sensa na nyaya. Matope ya masika, vumbi la kiangazi na panya watafunao nyaya huziharibu. Sensa ikitoa taarifa potofu, kompyuta nayo hukosea, na taa ya tahadhari huweza kuwaka.

Breki za ABS
Ukikanyaga breki kwa nguvu, ABS huzuia magurudumu yasijifunge, ili usukani uendelee kutii. Pedeli ikitetemeka, usiondoe mguu. Mfumo unafanya kazi. Kwenye changarawe, hata hivyo, gari lenye ABS laweza kwenda mbali zaidi kabla ya kusimama. Punguza mwendo kabla ya kuanza mteremko, kisha shuka kwa gia ndogo.

- Taa ya ABS ikiwaka peke yake: breki za kawaida zipo, ila magurudumu yaweza kujifunga. Nenda polepole hadi kwa fundi.
- Taa nyekundu ya breki ikiwaka ilhali breki ya mkono imeachiwa: simama mahali salama, usiendelee na safari.

Mifuko ya hewa
Magari mengi tunayonunua yametumika Japani. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, iliyofungwa kwenye magari ya kampuni nyingi, ilirudishwa kwa mamilioni duniani. Kemikali yake huharibika kwa joto na unyevunyevu wa miaka mingi. Mfuko ukifumuka waweza kurusha vipande vya chuma. Mpe wakala wa kampuni iliyotengeneza gari lako namba ya chesisi akuangalizie. Na mkanda fungeni daima: mfuko hauchukui nafasi yake.

Kwa mafundi
- Pima kwa mashine kabla ya kubadilisha kifaa.
- Chomoa betri kabla ya kuchomelea.
- Usitoe balbu ya tahadhari ili kumridhisha mteja.

Kwa abiria wa mabasi
Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) hufuatilia mwendo wa mabasi kwa mtambo, na kikomo ni kilomita 80 kwa saa. Mtambo hauoni utelezi wala ukungu mlimani. Dereva akikimbiza gari, msinyamaze. Toeni taarifa polisi kwa namba 112.

Kabla ya safari au kununua gari
Washa swichi bila kuwasha injini. Taa za tahadhari huwaka, kisha nyingi huzimika injini ikiwaka. Isiyozimika yaweza kuonyesha hitilafu. Isiyowaka kabisa huenda imeondolewa makusudi: usilipe wala usipakie abiria kabla hujajua sababu.