Soma Uwiano Kabla ya Kulipa

Mnunuzi wa modeli za magari ya kale, malori au treni hana budi kutofautisha mambo mawili: uwiano na upana wa reli. Uwiano wa 1:87, uitwao HO, una maana kwamba sentimita 1 ya modeli ni sentimita 87 za chombo halisi. OO ya Uingereza ni 1:76. Treni za aina zote mbili hupita kwenye reli yenye upana wa milimita 16.5; hivyo, kuenea relini si uthibitisho wa uwiano. Lori la mita 7.6 huwa sentimita 10 katika OO, bali takriban 8.7 katika HO. Mtake muuzaji aandike uwiano kwenye stakabadhi. Utauhitaji ukirudisha bidhaa.