MAREHEMU, HAYATI NA SAUTI ILIYOBAKI: LUGHA YA KUWAKUMBUKA WASANII NA WATU MASHUHURI WALIOFARIKI

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna lugha ya Kiswahili inavyowataja wasanii na watu mashuhuri baada ya kufa kwao. Inashughulikia mambo matatu: vitangulizi vya jina kama vile marehemu na hayati, vitenzi vya kifo pamoja na minyambuliko yake, na matumizi ya njeo pale ambapo mwimbaji amezikwa lakini sauti yake ingali ikisikika. Hoja ya msingi ni kwamba sarufi ya taazia haimhusu marehemu peke yake. Hiyo ndiyo inayoamua nani ahesabiwe kuwa amefiwa, na nani asahauliwe.

1.0 Utangulizi

Katika jamii za Waswahili, kifo hutangazwa kwa lugha maalumu. Kuna tanzia inayotoa habari, kuna rambirambi zinazopelekwa kwa wafiwa, kuna mbolezi zinazoimbwa, na kuna taazia inayoandikwa ili kusimulia maisha ya aliyekufa. Tanzu hizi zilizaliwa katika mazingira ya ukoo na mtaa, ambamo kila aliyesikia habari alimjua marehemu kwa sura, kwa jina la babaye na kwa nyumba aliyotoka.

Kuja kwa santuri, redio, magazeti na filamu kulileta aina mpya ya maiti: mtu ambaye maelfu ya watu humlilia ilhali hawakupata kuonana naye. Siti binti Saad alipofariki mwaka 1950, sauti yake ilikuwa imekwisha kusambaa katika pwani yote ya Afrika Mashariki kwa njia ya santuri, ambazo za kwanza zilirekodiwa Bombay mwaka 1928. Mbaraka Mwinshehe alipofariki Mombasa mwezi Januari 1979 kutokana na ajali ya gari, waliopata msiba hawakuwa jamaa zake wa Morogoro tu. Hali kadhalika, kifo cha mwigizaji Steven Kanumba, tarehe 7 Aprili 2012, kiliwatoa majumbani mwao watu wengi waliomfahamu katika kioo cha televisheni pekee. Swali linalozuka ni hili: je, lugha iliyoundwa kwa ajili ya msiba wa jamaa inaumudu msiba wa hadhira?

Mifano ya sentensi iliyomo katika makala hii imetungwa kwa kufuata mazoea ya wasemaji. Alama ya nyota (*) inaonyesha sentensi isiyokubalika, na alama ya kuuliza mwanzoni (?) inaonyesha sentensi yenye mashaka.

2.0 Vitangulizi vya Jina

2.1 Marehemu na hayati

Neno marehemu lina asili ya Kiarabu na maana yake ya awali ni 'aliyerehemiwa'. Kwa hiyo, kwa asili yake, neno hili ni dua iliyogandishwa ikawa nomino. Katika Kiswahili cha leo limevuka mipaka ya dini, nalo hutumiwa na Waislamu, Wakristo na wasio na dini mojawapo kati ya hizo. Neno hayati nalo limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya 'uhai' au 'maisha'. Hapa pana kinaya kinachostahili kuzingatiwa: neno linalotaja uhai ndilo linalotangulizwa mbele ya jina la mtu aliyekufa.

Kisarufi, maneno haya mawili hayalingani kabisa. Tazama mifano ifuatayo:

(1) a. Marehemu Mbaraka Mwinshehe alikuwa mpiga gitaa.
b. Marehemu ameacha mjane na watoto.
c. Marehemu baba yake alikuwa fundi.

(2) a. Hayati Mwalimu Nyerere alifariki London mwaka 1999.
b. ? Hayati ameacha mjane na watoto.
c. ? Hayati baba yake alikuwa fundi.

Mfano (1) unabainisha kwamba marehemu laweza kutangulia jina, kusimama peke yake kama kiima, na kuambatana na nomino ya udugu. Ingawa halina kiambishi cha ngeli ya watu, hupatanishwa kama nomino ya kiumbe: marehemu amezikwa, marehemu wamezikwa. Mfano (2) unaonyesha kwamba hayati hupendelea kuandamana na jina la mtu anayejulikana, au cheo chake. Kwa maneno mengine, marehemu ni nomino kamili, lakini hayati limekaribia kuwa sehemu ya jina, sawa na Mzee, Bibi au Sheikh.

Tofauti hii ya kisarufi ndiyo iliyozaa tofauti ya kijamii. Kwa kuwa hayati linahitaji jina linalojulikana, limezoeleka zaidi mbele ya majina ya viongozi. Na kwa kuwa limezoeleka huko, wapo walimu na wahariri wanaoshikilia kwamba hayati ni la wakubwa na marehemu ni la watu wa kawaida. Kanuni hiyo haina msingi katika asili ya maneno. Kama pangekuwa na daraja, aliyeombewa rehema asingekuwa chini ya aliyetajiwa uhai wake tu. Aidha, kanuni hiyo inawatia wasanii katika hali ya utata. Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, hakuwa na cheo cha serikali. Hata hivyo, jina lake lilijulikana Unguja, bara na ng'ambo, na mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX. Je, aitwe marehemu kwa kuwa hakuongoza nchi, au hayati kwa kuwa alijulikana? Wasemaji hutumia yote mawili, na hapo ndipo kanuni ya daraja inapovunjika: kinachohitajiwa na hayati ni umaarufu wa jina wala si ukubwa wa cheo.

2.2 Mwendazake

Baada ya kifo cha Rais John Magufuli, tarehe 17 Machi 2021, neno mwendazake lilienea nchini Tanzania, na likaleta ubishi. Baadhi ya watu walilichukua kuwa tasifida ya kawaida, na wengine wakasikia ndani yake dharau. Ubishi huo unaelezeka kiisimu. Neno hili limejengwa na kitenzi -enda pamoja na kimilikishi zake, muundo ule ule wa nenda zako na akaenda zake. Muundo huo hudokeza kuachana: anayekwenda zake ameshika njia yake, na waliobaki hawafungamani naye tena. Marehemu linamkabidhi aliyekufa kwa Mungu na hayati linalihifadhi jina lake, lakini mwendazake linamwacha aende. Basi msikilizaji aliyetaka kuendelea kufungamana na marehemu alikuwa na sababu ya kilugha ya kuchukizwa, hata kama msemaji hakukusudia ubaya.

3.0 Vitenzi vya Kifo na Suala la Mfiwa

Kitenzi kufa hakitumiki kwa urahisi kumhusu mtu anayeheshimiwa. Mahali pake huwekwa fariki, aga dunia, tangulia mbele ya haki, na kadhalika. Tasifida hizi zimejadiliwa mara nyingi kwa upande wa adabu. Jambo linalosisitizwa hapa ni tofauti: vitenzi hivi hubadilisha washiriki wa tendo.

(3) a. Remmy Ongala alifariki mwaka 2010.
b. Remmy Ongala ametutoka.
c. Tumempoteza Remmy Ongala.
d. Tumefiwa.

Katika (3a) pana mshiriki mmoja tu, naye ni aliyekufa. Katika (3b), kitenzi toka, ambacho kwa kawaida hufuatwa na mahali, kimepewa kiambishi cha yambwa -tu-, na walio hai wameingia katika sentensi kama watu walioathiriwa. Katika (3c) walio hai wamekuwa kiima na marehemu amekuwa yambwa. Katika (3d) marehemu ametoweka kabisa. Waliobaki ni wafiwa peke yao.

Kitenzi fiwa kinahitaji uchambuzi zaidi. Mzizi ni -f-. Ukiongezewa kauli ya kutendea hupatikana -fia, na ukiongezewa kauli ya kutendwa hupatikana -fiwa. Hivyo mzizi mmoja huzaa nomino mbili zinazokabiliana: mfu na mfiwa. Kimapokeo, mfiwa ni mtu wa ukoo. Mtu hufiwa na mama, na mume au na mtoto, na anayefiwa ana haki na wajibu: hupewa pole, hukaa matanga, hupokea rambirambi. Jirani huja kuhani, lakini yeye si mfiwa.

Msanii anapokufa, mpaka huu hulegea. Husemwa kwamba mashabiki wamefiwa, muziki wa dansi umefiwa, taifa limefiwa. Yawezekana kuiita hali hii sitiari na kuishia hapo, ila matokeo yake si ya maneno matupu. Anayejiita mfiwa hudai nafasi mazikoni, hutaka kujua sababu ya kifo, na hujiona ana kauli juu ya jinsi marehemu atakavyokumbukwa. Kwa upande wa pili, mjane na watoto, ambao ndio wafiwa kwa maana ya asili, hujikuta wakigawana msiba wao na watu wasiowafahamu. Lugha imepanua duara la wafiwa bila ya kupanua duara la wajibu: umati unaolia makaburini si ule utakaolipa karo za watoto.

4.0 Njeo na Sauti Iliyorekodiwa

Mtu wa kawaida anapokufa, habari zake huhamia katika njeo iliyopita. Kwa mwimbaji, uhamaji huo haukamiliki.

(4) a. Mbaraka Mwinshehe aliishi Morogoro.
b. * Mbaraka Mwinshehe anaishi Morogoro.
c. Msikilize Mbaraka, anaimba kwa huzuni.
d. Hapa Siti binti Saad anapandisha sauti.

Sentensi (4b) ni kosa, lakini (4c) na (4d) hazimshangazi yeyote. Yaweza kudaiwa kwamba hii ni desturi ya uhakiki tu, kama ilivyo kawaida kusema kwamba Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, anasema jambo fulani katika kitabu chake. Dai hilo lina ukweli wa sehemu. Hata hivyo, anayesema (4d) haelezi maandishi, bali anaonyesha kwa kielezi hapa tukio linalosikika wakati ule ule wa kusema. Jina moja, basi, lina virejelewa viwili: mtu, aliyekwisha kufa, na sauti, ambayo haijafa.

Kiambishi -me- kinaithibitisha tofauti hiyo. Kwa kuwa -me- huonyesha tendo ambalo hali yake ingali inaendelea, hukataa kumhusu marehemu isipokuwa matokeo ya tendo yawe mikononi mwa walio hai:

(5) a. * Marehemu Mbaraka amekwenda Osaka.
b. Marehemu Mbaraka alikwenda Osaka mwaka 1970.
c. Marehemu Mbaraka ametuachia nyimbo nyingi.

Safari ya Japani, ambako Mbaraka alipiga muziki pamoja na Morogoro Jazz, ilikuwa sehemu ya maisha yake, nayo imefungwa pamoja nayo. Nyimbo, kinyume chake, zimebaki. Ndiyo maana (5c) inakubalika miongo kadhaa baada ya mwaka 1979, na itaendelea kukubalika maadamu nyimbo hizo zinasikika. Siku kanda zitakapoharibika na kukosa wa kuzinakili, sentensi hiyo itapoteza ukweli wake, na -me- italazimika kuipisha -li-. Kwa maana hiyo, uhifadhi wa nyaraka za sauti si kazi ya wakutubi peke yao; ndio unaolinda uhalali wa sentensi hiyo.

5.0 Wasifu na Walioachwa Nje

Taazia fupi ya gazeti hutegemea mafungu ya maneno yaliyozoeleka: ameacha pengo lisilozibika, atakumbukwa daima, alikuwa mcheshi na mpenda watu. Maneno haya humfariji mfiwa, na si busara kuyabeza. Kasoro yake ni kwamba yanamfaa kila mtu, na linalomfaa kila mtu halimtambulishi yeyote. Pengo halina budi kuwa na umbo la jino lililong'oka.

Wasifu wa Siti binti Saad, uliotungwa na Shaaban Robert na kuchapishwa mwishoni mwa miaka ya 1950, ni kielelezo cha njia nyingine. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika hali ya umaskini, na hakujua kusoma wala kuandika. Maisha yake yangeweza kupotea isipokuwa santuri. Kwa kuyaandika, Shaaban Robert alimpa mwimbaji heshima ambayo kabla ya hapo ilitolewa hasa kwa masheikh, watawala na mashujaa wa tenzi. Hata hivyo, hata wasifu huo hauepuki mkazo wa taazia yoyote: jina moja husimama mbele na mengine hurudi kivulini. Waliopiga ala pamoja na Siti, miongoni mwao Subeti Ambar, Buda Swedi na Mbaruk Effandi Talsam, wanasikika katika santuri zile zile, lakini ni wachache wanaowataja. Sarufi ya umoja, marehemu ameacha, hairuhusu kundi zima likumbukwe kwa pamoja. Muziki wa taarabu na wa dansi ni kazi ya wengi. Kumbukumbu yake imekuwa ya mmoja mmoja.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba tofauti ya marehemu na hayati ni ya kisarufi kwanza, na kwamba daraja la kijamii limepachikwa juu yake. Imeonyesha vilevile kwamba vitenzi vya kifo huwaingiza walio hai katika sentensi hatua kwa hatua mpaka marehemu mwenyewe akatoweka, na kwamba njeo hutenganisha mtu na sauti yake. Mambo mawili yanafuata. Kwanza, walimu na wahariri waache kufundisha kwamba hayati ni stahili ya viongozi, maana matumizi hayaungi mkono kanuni hiyo. Pili, utafiti wa taazia hauna budi kukusanya maneno ya wafiwa wa ukoo sambamba na yale ya magazeti na redio, kwa sababu hao ndio wanaojua kile ambacho umati haukupata kukisikia: jinsi mtu yule alivyozungumza alipokuwa haimbi.